Marehemu Mbaraka Mwinshehe na Kanda ya Babu

Mhariri wa gazeti letu amenitaka niandike maisha ya mtu mmoja mashuhuri aliyekwisha kufa zamani. Wenzangu walikwisha kuwachukua machifu na wapigania uhuru, nami nikabaki na mpiga gitaa. Huenda wazazi wengine wakashangaa kuona mwalimu anawaandikia watoto habari za dansi katika gazeti la shule. Nawaomba wastahimili kidogo, maana katika jambo hili ninalo deni, nalo si la fedha.

Hapa kwetu Kibaigwa hatukosi muziki. Malori yanayokuja sokoni kupakia mahindi husimama mchana na usiku, na kila dereva ana nyimbo zake. Nyingi ni za vijana wa siku hizi. Lakini mara moja moja, katikati ya makelele hayo, hutoka gitaa moja jembamba, likipanda na kushuka taratibu kama mtu anayesimulia jambo lililompata, na wazee walioketi barazani huinua vichwa. Huyo ndiye Mbaraka Mwinshehe. Alifariki dunia Januari 1979, wakati hakuna hata mmoja wa wanafunzi wetu aliyezaliwa, wala mimi mwalimu wao sikuwa nimezaliwa.

Jina lake kamili lilikuwa Mbaraka Mwinshehe Mwaruka. Alizaliwa mwaka 1944, akakulia upande wa Morogoro. Mwaka uo huo wa 1944 ndipo ilipoanzishwa bendi iitwayo Morogoro Jazz, ambayo baadaye ilikuja kujulikana nchi nzima kwa sababu yake. Basi mtoto na bendi walikuwa marika, ingawa ilipita miaka ishirini hivi kabla hawajakutana.

Morogoro si mbali na sisi. Ukipanda basi hapa unapita Pandambili, Gairo na Dumila, na mchana haujaisha unaiona milima ya Uluguru. Mwanafunzi mmoja aliniuliza darasani kwa nini mji ule mdogo ulitoa wanamuziki wengi hivyo. Jibu moja ni reli na barabara. Treni ya Reli ya Kati ilipita pale, na njia ya Iringa na ya Dodoma huachana pale pale. Tena palikuwa na mashamba makubwa ya mkonge yaliyovuta watu wa makabila mengi, watu waliopata mshahara mwisho wa mwezi na ambao hawakuwa na ngoma moja ya kwao wote. Dansi ndiyo iliyowafaa, kwa kuwa haikuwa ya kabila lo lote.

Neno jazi nalo lataka kuelezwa, lisije likawapoteza vijana. Jazi yenyewe ilizaliwa Marekani kwa watu weusi wa huko. Kwetu jina lilifika kabla ya muziki wake. Mwaka 1932 ilikuwako tayari Dar es Salaam Jazz Band, na baada yake zikaja nyingine nyingi, Western Jazz, Kilwa Jazz, Tabora Jazz na NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi, lakini walichokipiga kilikuwa rumba zaidi, walichojifunza katika santuri za Kuba na baadaye katika bendi za Kongo. Jazi kwao maana yake ilikuwa bendi yenye magitaa na saksofoni. Walikubaliana na Wamarekani katika jambo moja tu, nalo ni hili: kwamba katikati ya wimbo mmoja wao huachiwa uwanja apige ayajuayo, na wengine humshikia njia mpaka arudi.

Kabla ya Mbaraka kuvuma, mfalme wa Morogoro alikuwa Salum Abdallah wa Cuban Marimba. Yeye aliipenda Kuba kwa santuri tu, na hadithi inasema ya kwamba katika ujana wake alitoroka nyumbani akafika Mombasa akitafuta meli ya kumpeleka huko. Meli hakuipata, akarudi akaunda bendi. Alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1965. Habari zake zastahili ukurasa wake peke yake, na huenda muhula ujao nitaziandika mhariri akiniruhusu.

Katikati ya miaka ile ya sitini ndipo kijana Mbaraka alipoingia Morogoro Jazz. Hakukawia kuwa mtunzi wake mkuu, mwimbaji wake na mpigaji wa gitaa la solo, akapewa jina la Soloist National, yaani mpiga solo wa taifa. Kazi tatu hizo kwa mtu mmoja si jambo la kawaida. Mtunzi hujua wimbo unakokwenda, mwimbaji hujua pumzi inapokwisha, na mpiga solo hujaza pale penye pengo. Kwake gitaa lilijibu sauti iliyotoka kinywani mwake mwenyewe, ndiyo maana wimbo wake mara nyingi hufanana na mazungumzo ya mtu na nafsi yake.

Babu yangu alimwona. Mwanzoni mwa miaka ya sabini babu alikuwa utingo wa lori la mazao, na usiku mmoja walilala Morogoro. Alikuwa na fedha aliyopewa na mama yake ya kununua blanketi. Akalipa kiingilio kwa sehemu ya fedha ile, na blanketi likaja mwezi uliofuata. Nimemwuliza mara nyingi habari za usiku ule, na majibu yake ni haba kuliko nilivyotumaini. Hakumbuki nyimbo zilizopigwa. Hakumbuki Mbaraka alivaa nini. Anakumbuka jinsi alivyoona haya kwa ajili ya viatu vyake, akasimama ukutani, na jinsi wimbo mmoja ulivyokwisha na watu wasiondoke kati, wakabaki wamesimama wakingoja, mpaka bendi ikauanza upya. Basi. Ukumbi mzima wa watu, na kilichobaki kwa shahidi wangu ni viatu na kungoja.

Kwa hiyo twashukuru kwamba muziki ule ulinaswa. Namna ulivyonaswa yapasa ielezwe, maana vijana wengi hudhani mambo yalikuwa kama leo. Leo mwimbaji huingia peke yake katika chumba kidogo, ngoma zimekwisha kutengenezwa kwa kompyuta, naye akikosea neno moja hulirudia hilo moja. Zamani bendi nzima iliingia katika studio ya Redio Tanzania Dar es Salaam, watu wa magitaa, wa saksofoni, wa ngoma na waimbaji, wakajipanga mbele ya maikrofoni chache. Mashairi yalikuwa yamekwisha kukaguliwa. Fundi akaendesha utepe, na wote wakapiga pamoja tangu mwanzo hata mwisho. Mtu akikosea karibu na mwisho, walichagua moja katika mawili: warudi wote mwanzo, au kosa libaki humo milele. Hapakuwa na njia ya kumtoa mmoja na kuwabakiza wengine. Mwimbaji aliyetaka sauti yake ipungue alirudi nyuma hatua moja kwa miguu yake.

Ni kweli kwamba studio haikuwa na wachezaji. Lakini nyimbo nyingi zilizopigwa humo zilikuwa zimekwisha kupimwa ukumbini usiku baada ya usiku, na watu walewale walizipiga wakiwa wamesimama karibu karibu, kila mmoja akimsikiliza jirani yake. Ukizisikiliza leo kwa makini utasikia chumba chenyewe. Utasikia sauti moja iko mbali na nyingine iko karibu. Mimi sijui muziki kwa kuusoma, lakini nadhani hicho ndicho kinachowainua wale wazee vichwa: si wimbo tu, bali ni watu kadhaa waliokuwa mahali pamoja saa ile, na saa ile haikukatwa wala kushonwa.

Wenye jazi yao walipata funzo juu ya jambo hili. Mwezi wa Julai 1956 bendi ya Duke Ellington ilipiga katika tamasha la Newport huko Marekani. Mpiga saksofoni wake, Paul Gonsalves, aliachiwa uwanja akapiga mizunguko 27 bila kukoma, na watu wakainuka vitini wakacheza. Kwa bahati mbaya alikuwa amepulizia maikrofoni isiyo yake, ile ya Sauti ya Amerika, na katika utepe wa kampuni ya santuri akasikika kwa mbali. Zaidi ya hayo, sehemu kubwa ya santuri iliyouzwa ilipigwa upya studio siku za baadaye, na makofi yakaongezwa kwa ufundi. Watu waliipenda hivyo hivyo kwa miaka arobaini. Kisha utepe wa Sauti ya Amerika ukaonekana, ukaunganishwa na ule mwingine, na mwaka 1999 usiku wenyewe ukatolewa. Kumbe ulikuwa umekaa kabatini siku zote hizo. Nalitaja jambo hili kwa sababu kanda za Redio Tanzania nazo zimo makabatini Dar es Salaam, nyingi sana, na utepe wa sumaku hauishi milele.

Nirudi kwa Mbaraka. Mwaka 1970 palikuwa na maonyesho makubwa ya mataifa katika mji wa Osaka, Japani, na Morogoro Jazz ilichaguliwa kwenda kuiwakilisha Tanzania. Fikirini, vijana: bendi ya mji wa mkonge inapanda ndege kwenda kupiga mbele ya Wajapani. Aliporudi alitunga wimbo uitwao Expo 70, na wasikilizaji ambao hawakupata kuona bahari wakapata habari za safari ile kwa gitaa.

Kwa maana nyimbo zake zilikuwa pia gazeti. Tarehe 25 Desemba 1971 Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Kleruu, aliuawa na mkulima mmoja, katika siku zile za mvutano juu ya vijiji vya ujamaa na mashamba ya watu binafsi. Mbaraka alimtungia wimbo wa maombolezo. Nimewahi kuufundishia somo la historia katika kidato cha tatu. Kitabu kilikuwa kimekwisha kuwaeleza sababu za ugomvi wote, nao walikuwa wakisinzia. Wimbo ulipoanza waliacha kusinzia, na msichana mmoja akauliza yule mkulima alipatwa na nini baadaye. Nikamwambia kwamba alihukumiwa akanyongwa. Kipindi kikaisha kabla hatujamaliza kubishana.

Mwaka 1973 aliiacha Morogoro Jazz akaunda bendi yake mwenyewe, Super Volcano. Wako wapenzi wa zamani ambao mpaka leo hawamsamehe kwa hilo, maana bendi aliyoiacha haikupata tena nguvu yake ya kwanza. Mimi naona mtu wa miaka 29 aliyekwisha kuzunguka nusu ya dunia angewezaje kukaa. Lakini sikuwapo, na waliokuwapo wana haki ya kununa.

Tanzania siku hizo haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, zikachapwa Nairobi, na kwa njia hiyo alijulikana Kenya kama kwao. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa nchi mbili hizi ukafungwa, usifunguliwe mpaka 1983. Magari hayakupita, bidhaa hazikupita, ila sauti yake ilipita kwa redio kila siku bila hati. Wimbo wake uitwao Shida ulipendwa Kenya mno, hata leo mtu wa Mombasa au wa Kisumu ataweza kukuimbia.

Mombasa ndiko alikofia, kwa ajali ya gari, kama Salum Abdallah kabla yake. Alikuwa na miaka 34. Nchi yake ilikuwa vitani na Idi Amin wakati huo, vijana wengi wakiwa mstari wa mbele Kagera na kuvuka, na kifo cha mwanamuziki mmoja kikaja katikati ya habari za vifo vingi. Baadaye nyimbo zake zilikusanywa katika mfululizo wa santuri ulioitwa Ukumbusho.

Sasa niseme deni langu.

Katika miaka ya themanini babu alikuwa amekwisha kuacha kazi ya malori, analima na kufuga. Alinunua redio ya kanda, akaazima nyingine kwa jirani, na jioni moja redio ya taifa ilipokuwa ikipiga Jogoo la Shamba, wimbo wa Mbaraka, akaziweka redio mbili uso kwa uso juu ya meza, moja ikaimba na nyingine ikanasa. Hakuwa na waya wa kuziunganisha. Kwa hiyo kanda ilinasa wimbo na nyumba pamoja. Katikati ya gitaa, bibi akaita kutoka nje kwamba ndama amevunja boma ameingia shambani. Babu hakutoka, asije akaharibu kazi yake. Bibi akaita mara ya pili, kwa sauti ya mtu aliyekasirika. Kisha gitaa likaendelea.

Babu alikivunja kile kijino kidogo cha plastiki kilicho mgongoni mwa kanda ili mtu asiweze kunasa sauti nyingine juu yake. Bibi alifariki mwaka 1996. Mimi nilikuwa na miaka sita, na sauti yake nilikuja kuijua kwa kanda ile tu. Kila babu alipoipiga, palipokaribia pale, aliinua kidole kimoja, nasi watoto tukanyamaza, bibi akaita, tukacheka. Ndama yule tulimpa na jina.

Mwaka 2003, nikiwa na miaka 13, mimi na wenzangu wawili tuliunda bendi ya madumu na mkebe. Tulitaka kujisikia. Kanda nyingine zote zilikuwa zimekatika. Nilijua kwamba kanda ya babu haikubali kunasa, nikajua na sababu yake, kwa maana alikuwa amenieleza mwenyewe. Nikatafuna karatasi, nikaziba pale penye kijino kilichovunjwa, nikabonyeza. Tulipiga madumu upande mzima.

Jioni babu aliiweka. Akasikiliza madumu tangu mwanzo mpaka upande ukaisha, akiwa ameinamisha kichwa kana kwamba labda bibi yumo mahali fulani chini yake. Kisha akaizima redio, akatoa betri, akaziweka dirishani zipate jua la kesho, akaenda kulala. Hakunipiga. Wala hakulitaja jambo lile siku ile, wala mwaka ule, wala hata leo.

Likizo iliyopita nilikwenda kumsalimu nikiwa na wimbo uleule katika simu yangu. Sauti ni safi, hakuna mikwaruzo, kila uzi wa gitaa wasikika. Nikamwekea. Alisikiliza vizuri, akitikisa mguu. Palipokaribia pale, akainua kidole, nami nikanyamaza kama mtoto. Gitaa likapita peke yake mpaka mwisho. Akaniomba niuweke tena.

Wazazi walio na kanda za zamani, ziwe za bendi, za harusi, za mahubiri au za wazee wakisimulia, wakipenda wampe mwanafunzi aniletee katika ofisi ya walimu siku ya Ijumaa mchana. Redio ya kanda ninayo na inafanya kazi, nitazihamishia katika simu na kuzirudisha. Nawaomba tu, kama kile kijino bado kipo, kivunjwe kwanza kabla ya kumkabidhi mtoto.